Jiko la Sultani liko wapi?

Jamani, kwanza mnisamehe kwa kuadimika. Nilikuwa nyumbani Nangara, Babati, likizo ya siku kumi ambayo mhariri wangu aliitoa shingo upande. Nilidhani nitalala, nitakunywa chai ya maziwa na kuangalia mlima Kwaraa ukijifunika mawingu. Nikakuta sebule ya dada yangu imegeuka ikulu.

Mpwa wangu yuko darasa la sita. Yeye na wenzake wawili wa nyumba ya jirani walikuwa wamejifunga mashuka ya kitandani. Mmoja kakaa juu ya stuli, amenuna. Wawili wamepiga magoti sakafuni, wanalia kwa sauti: "Jeonha! Jeonha!" Nikauliza hiyo ni dini gani. Mpwa wangu akaniangalia kwa huruma. "Anko, huyo ni mfalme. Ukiongea naye huruhusiwi kumtazama usoni."

Tamthilia za Kikorea, ndugu msomaji. Kama unaishi Tanzania na hujui ninachosema basi huna mpwa. Zilianza kwa sidii za kuazimana, zikaja flashi, sasa ziko kwenye simu, na nyingine zina sauti ya Kiswahili juu yake. Mtoto yule aliniambia mambo ya jumba la mfalme wa Korea ambayo sijawahi kuyasoma popote: chakula kinaonjwa kabla hakijamfikia mfalme, wapishi wana ngazi zao na sare zao, na mtumishi akipita uwanjani hutembea pembeni, katikati hapana. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamtega: "Na Sultani wa Zanzibar alikuwa anaishi wapi?"

"Zanzibar kulikuwa na mfalme?"

Msimcheke. Mimi nilimaliza sekondari nikijua orodha ya masultani kama mtu anavyojua namba ya simu, bila kujua kama watu hao walikuwa na milango, ngazi na vitanda. Nilifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 2018, mwaka wa kwanza chuoni, kwa boti kutoka Dar es Salaam, nikiwa nimebana nauli kwenye fedha ya kujikimu. Wenzangu walikwenda Nungwi kuogelea. Mimi na jamaa mmoja wa Iringa tukaenda Forodhani kuangalia majumba, kwa sababu moja ya kishujaa: hatukujua kuogelea. (Ziwa Babati lina viboko, huwezi kujifunzia pale.)

Pale Forodhani majumba mawili yamekaa karibu karibu, yameitazama bahari. Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said, lilikuwa limefungwa, kwa kuwa sehemu yake ilikuwa imeshaanguka mwaka 2012. Tukaliona kwa nje tu: nguzo za chuma, vibaraza virefu vinavyolizunguka, na mnara wa saa. Hili ndilo lililokuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwaka taa za umeme, na likawekewa lifti wakati ambapo sehemu kubwa ya dunia haikujua lifti ni mnyama gani. Jirani yake ni Beit al-Sahel, jumba waliloishi masultani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likapewa jina lenye maana ya jumba la watu, na mwaka 1994 likafanywa makumbusho. Hilo tuliingia.

Nitasema ukweli. Nilitegemea dhahabu. Ghorofani nikakutana na kabati la formika, lile la Sultani Khalifa bin Harub aliyetawala tangu 1911 hadi 1960. Formika! Ile ile ya kwenye makabati ya vyombo ya shangazi zetu. Yule jamaa wa Iringa alicheka mpaka mzee aliyekuwa anatutembeza akacheka naye. Mzee akatueleza kwamba miaka ya hamsini hiyo ndiyo ilikuwa fasheni ya dunia, na mfalme naye ni mtu, anataka kitu kipya. Chumba kilichonishika zaidi kilikuwa cha Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akatoroka 1866 kwa sababu ya mapenzi na mfanyabiashara Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, akabaki mjane Hamburg na watoto watatu, na mwaka 1886 akachapisha kitabu cha kumbukumbu za maisha yake. Anasema jumba la Mtoni peke yake liliishi watu wapatao elfu moja.

Elfu moja. Sasa mimi ni mtoto wa mama ntilie. Nikisikia watu elfu moja sifikirii mapambo, nafikiria masufuria. Nikamuuliza mzee: "Shikamoo tena mzee wangu, samahani, jiko lilikuwa wapi?"

Akasimama. Akasema, "Suala zuri hilo, mwanangu. Wageni hawaliulizi." Akaongeza kwamba wageni huuliza Sultani alikuwa na wake wangapi, na kitanda ni kipi.

Swali lile nimetembea nalo tangu siku hiyo. Nimelikumbuka tena Nangara juzi kwa sababu ya mjomba wangu, ambaye ni fundi seremala mstaafu na ni mtu wa kusema kitu kikaisha. Nilimkuta kijiweni. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mwandishi. Umetuletea nini leo?" Nikamweleza habari ya mashuka ya mpwa wangu, tukacheka, kisha mazungumzo yakafika Beit al-Ajaib na namna lilivyoporomoka. Mjomba akasukuma kikombe. "Yaanguke tu. Yalijengwa na watumwa. Unalia nini wewe?"

Mjomba hayuko peke yake. Maneno hayo nimeyasikia bara mara nyingi, hata chumba cha habari, kutoka kwa watu wenye shahada mbili. Upande wa pili wa maji nimesikia kinyume chake: kwamba majumba yale ni heshima na ustaarabu, na mtu akitaja watumwa anaharibu hadithi nzuri, anatafuta fitina. Mmoja anataka jumba lianguke ili asiukumbuke utumwa, mwingine anataka lisimame ili utumwa usahaulike. Mimi naona wote wawili wanasimulia habari ya mtu mmoja tu ndani ya nyumba nzima, yaani mwenye nyumba.

Nilimwambia mjomba hivi: wewe ni fundi. Milango ile iliyochongwa, nani aliichonga? Boriti za mikoko zilizobeba sakafu, nani alizikata na kuzibeba mabegani? Mawe ya matumbawe, nani aliyachimba akayachomea chokaa? Nani alikwea kupaka lipu? Ukisema lianguke kwa sababu lilijengwa na watumwa, umewanyang'anya mara ya pili. Walinyang'anywa jasho, sasa unawanyang'anya na kazi ya mikono yao. Na pembe za ndovu zilizolipia starehe zile hazikuota baharini. Misafara ya Wapwani ilifika Kondoa Irangi, ikafika Mbugwe, hapo hapo karibu na kwetu. Ukuta ule una kitu chetu ndani yake, hata kama hatukuombwa.

Mjomba akanyamaza, jambo ambalo hutokea mara moja kwa mwaka.

Turudi Korea kidogo, maana mpwa wangu alinipa kazi ya kusoma usiku. Jumba kubwa la Seoul linaitwa Gyeongbokgung. Lilijengwa mwaka 1395, likateketea 1592 Wajapani walipoivamia nchi, likakaa magofu zaidi ya miaka mia mbili na hamsini, likajengwa upya miaka ya 1860. Mwezi Oktoba 1895 watu waliotumwa na Wajapani waliingia ndani yake wakamuua malkia. Februari 1896 mfalme Gojong akatoroka alfajiri akiwa amejificha ndani ya machela ya wanawake wa ikulu, akakimbilia ubalozi wa Urusi, akakaa huko takriban mwaka mzima.

Niliposoma hapo nikainuka kitandani. Mwaka 1896! Mwaka ule ule, tarehe 25 Agosti, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki Unguja, na Khalid bin Barghash akaingia jumbani na kukalia kiti bila ruhusa ya Waingereza. Wakampa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Manowari zikafyatua mizinga, na baada ya dakika kama arobaini vita ilikuwa imekwisha. Vitabu vya mambo ya ajabu vya Ulaya huiita vita fupi kuliko zote duniani, na watu hucheka. Khalid naye akakimbilia ubalozi, yeye wa Wajerumani, akatoroshewa Dar es Salaam, na mwaka 1916 Waingereza wakamkamata.

Wafalme wawili, bahari mbili, mwaka mmoja, na wote wamejificha nyuma ya bendera ya Mzungu ili wasiuawe. Walimu wa historia wako wapi wanaotufundisha Heligoland bila kutuonyesha kitu kama hiki?

Lakini tazama ndani ya dakika zile arobaini. Jumba lilikuwa na watu wapatao elfu tatu, na sehemu kubwa ya jengo ilikuwa ya mbao. Kulikuwa na askari, ndiyo, na kulikuwa na watumishi na watumwa. Watu wapatao mia tano waliuawa au kujeruhiwa upande wa Khalid. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Sultani aliponea mlango wa ubalozi. Yule aliyekuwa anakoroga uji asubuhi ile alikuwa na ubalozi gani wa kukimbilia? Jumba la Beit al-Sahel tunaloliona leo lilijengwa baada ya mizinga ile, na mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib uliharibiwa, ndipo saa ikawekwa kwenye jengo lenyewe. Kwa hiyo ukipiga picha na ule mnara wa saa, umesimama juu ya habari hiyo. Wengi tumeipiga hiyo picha. Mimi ninayo, nimevaa miwani ya jua ya kuazima.

Wakorea wao walitawaliwa na Japani kuanzia 1910. Wajapani wakabomoa karibu majengo yote ya Gyeongbokgung, na mwaka 1926 wakamaliza kujenga jumba lao kubwa la utawala mbele yake, makusudi, ili lile la mfalme lisionekane. Wakorea walikuja kulibomoa jengo hilo la kikoloni mwaka 1995 na 1996, na tangu 1990 wamekuwa wakijenga upya la kwao, kipande kwa kipande. Sasa sikiliza hii. Mwaka 2015 walifungua jiko. Jiko la kifalme, lile lile lililobomolewa wakati wa ukoloni, wakalijenga tena na kuwaruhusu watu waingie. Na kwa nini dunia nzima inalijua jiko hilo? Kwa sababu ya tamthilia ya Dae Jang Geum ya mwaka 2003, habari ya msichana wa kawaida aliyeingia ikulu kama mpishi akaishia kuwa tabibu wa mfalme. Mpwa wangu ameingia Gyeongbokgung kupitia mlango wa jikoni. Ndiyo maana anajua njia.

Kiingilio chao ni won 3,000, lakini ukivaa vazi la asili la Kikorea unaingia bure, kwa hiyo vijana wanajazana humo na magauni yao kupiga picha. Unaweza kusema ni biashara. Ni biashara, sikatai. Ila kijana akishapita mlangoni mara tano kwa ajili ya picha, mara ya sita atauliza swali. Sisi hapa kijana wa Dar anakwenda Unguja kila Pasaka, analala Paje, anarudi na rangi mpya, hajavuka kizingiti cha jumba hata moja. Na simlaumu sana. Tumemwambia ndani kuna nini? Fanicha.

Sasa naja kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, upande wa mbele wa Beit al-Ajaib uliporomoka wakati ukarabati unaendelea kwa fedha za Oman. Nilikuwa nimetoka kuhitimu, natafuta kazi, nikaziona picha kwenye simu: ule mnara wa saa haupo, kifusi hadi barabarani. Mafundi wawili walikufa. Nilirudi pale mwaka 2021, safari hii na kitambulisho cha gazeti, nikasimama kwenye uzio. Watalii walikuwa wanapiga picha za pengo. Nilisikia watu wengi wakizungumzia hasara: urithi wa dunia (Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000), utalii, sura ya mji. Kulikuwa na mabishano ya nani alizembea, nani alipe, lijengwe vile vile au kisasa. Wale mafundi wawili walitajwa kama idadi. Wawili.

Nikiwa pale niliona kama naangalia 1883 na 1896 kwa mara nyingine. Jumba hilo tangu siku ya kwanza limesimama juu ya watu wanaohesabiwa bila kutajwa. Walioinua boriti hatuna majina yao. Waliokufa siku ya mizinga ni "wapatao mia tano". Na hawa wa karne yetu, wenye namba za simu na wake zao na madeni dukani, nao tunaanza kuwasahau wakiwa bado wana makaburi mabichi. Lakini Jamshid, Sultani wa mwisho aliyekimbia Januari 1964, alipofariki Oman mwisho wa mwaka 2024, habari zake ziliandikwa dunia nzima, tangu alivyoishi Portsmouth mpaka alivyoruhusiwa kurudi Muscat. Sina ugomvi na marehemu. Nasema tu kwamba kumbe tunajua kufuatilia mtu tukitaka.

Na msiniambie haiwezekani. Pale Kampala makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi yaliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010, nyumba nzima ya nyasi na miti ikawa majivu. Wamejenga upya, ikawachukua miaka, na mwaka 2023 UNESCO ikayaondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Huwezi kueleza habari ya nyumba ile bila kuwataja wanaoiezeka, watu wa ukoo wa Ngeye, kwa sababu kuezeka paa la Kabaka ni kazi yao tangu enzi na enzi. Paa lina mwenyewe! Muulize mtu yeyote wa Kasubi nani aliezeka, atakujibu kwa ukoo. Muulize mtu wa Forodhani nani alipaka chokaa ile, utaambiwa Barghash. Barghash hakuwahi kupaka chokaa maishani mwake.

Kwa hiyo mimi, ambaye si mtaalamu wa mambo ya kale wala mshauri wa mtu, nina maombi mawili. Beit al-Ajaib likikamilika, mlangoni pawekwe majina ya wale mafundi wawili, kwa maandishi makubwa kama yatakavyokuwa ya mgeni rasmi wa uzinduzi. Na ndani ya jumba la Sultani kitengwe chumba kimoja cha jikoni: masufuria, vinu, mitungi, jinsi maji yalivyofika (huyu huyu Barghash ndiye aliyeleta maji ya bomba mjini, mpeni haki yake), nani alipika, alitoka wapi, alilala wapi. Wataalamu wa Zanzibar wanaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi ninavyoweza kuiota. Fedha za kuta zinaweza kutoka Oman au popote. Hadithi ya jikoni tusimwachie mfadhili, maana mfadhili yeyote huanza na kiti cha enzi.

Najua kuna atakayesema nachokoza donda. Sawa. Ila mimi nimekaa kijiweni na mjomba wangu na nimeona kitu. Mtu aliyesema "yaanguke tu" hakubadilika nilipomtajia UNESCO, wala nilipomtajia lifti. Alibadilika nilipomuuliza nani alichonga milango. Tulipokuwa tunaagana alinishika mkono, akaniuliza kama boriti za mikoko kweli zinakaa miaka mia bila kuliwa na mchwa. Nikamwambia zinakaa, kama hazinyeshewi. Akasema, "Basi wale mafundi walikuwa watu."

Mpwa wangu naye hakuniacha. Usiku ule alizima simu (muujiza), akaja kukaa karibu yangu. "Anko, na sizoni ya Zanzibar ipo?"

"Haipo."

"Kwa nini haipo, na mfalme walikuwa naye?"

Nilimsimulia habari ya Salme. Alipofika kwenye kutoroka akasahau kulala, akataka kujua nani alimfungulia mlango usiku ule, na huyo mtumishi alifanywa nini kesho yake. Sikuwa na jibu la hapo hapo. Tumekubaliana na mama yake kwamba shule zikifungwa Desemba namchukua: basi mpaka Dar, kisha boti. Maswali ameshayaandika nyuma ya daftari la hesabu, yako kumi na saba. La kwanza ni lile la jiko, na ameniambia nisilimuulizie, ataliuliza mwenyewe.